Orodha: Ufunguo wa Historia ya Ufaransa

Ukisikia Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, bila shaka unamkumbuka Mfalme Louis wa 16 na gereza la Bastille. Nami nilikuwa vivyo hivyo. Lakini je, yule mkulima aliyelipa kodi hadi akabaki mikono mitupu tutampata wapi? Nilipofuatilia swali hili niligundua kwamba yumo katika majalada ya zamani, na ufunguo wa majalada hayo ni orodha.

Hebu tuanze mwanzo. Mwaka wa 1790 Ufaransa iliyafuta majimbo yake ya kale, nchi ikagawanywa katika dipatimenti 83. Sheria ya 1796 ikaamuru kila dipatimenti ikusanye nyaraka za kale mahali pamoja. Katika karne ya 19 watunzaji walizipanga kwa herufi, kisha wakachapisha orodha zenye muhtasari wa majalada. A ni amri za mfalme, B mahakama, C utawala wa majimbo, D elimu, E makabaila, familia na miji, G maaskofu na parokia, H watawa. Ukitaka habari za kodi, anza na C. Ukitaka kesi ya shamba, nenda B.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Nyaraka hufuata ofisi, hazifuati kijiji. Chukua jimbo la Languedoc, kule kusini. Mkuu aliyewekwa na mfalme, aliyeitwa intandanti, alikaa Montpellier, lakini mahakama kuu ilikuwa Toulouse. Basi mtu wa Montpellier aliyekata rufani, kesi yake itafute Toulouse! Naye wa Toulouse aliyemlilia intandanti juu ya kodi, barua yake itafute Montpellier. Kwa hiyo kabla hujafungua orodha, jiulize: jambo hili lilikuwa mikononi mwa nani?

Pili, orodha si jalada. Aliyeiandika alikuwa na rundo zima mbele yake, akachagua machache tu ya kutaja. Jina la kabaila lilitajwa upesi. La mjane maskini pengine liliachwa, ingawa limo ndani. Usiseme "hakuna" eti kwa sababu orodha imenyamaza.

Tena kuna karatasi zisizopatikana kabisa. Julai na Agosti 1789 wakulima wa sehemu nyingi walichoma hati za makabaila zilizowafunga kwa ushuru, na sheria ya Julai 1793 ikaamuru hati kama hizo zichomwe. Mimi siwalaumu hata kidogo, maana zilikuwa minyororo yao. Lakini ajabu ni kwamba moto huo ulifuta pia majina ya wengi wao.

Siku hizi orodha nyingi zimo kwenye intaneti, na hata mwanafunzi wa huku kwetu anaweza kuzisoma akijua Kifaransa kidogo. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata historia.