Magego Yaliyokwama (3): Jino Lililowadanganya Wataalamu Miaka 80

Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 20 Machi, huja na nasaha zilezile: piga mswaki, punguza sukari, muone daktari. Nasaha njema. Lakini lipo jino ambalo mswaki haulifikii, kwa kuwa limebaki ndani ya fizi. Waliosoma sehemu mbili zilizotangulia wanalijua: gego la mwisho, linaloota kati ya miaka 17 na 25. Waarabu huliita jino la akili, kwani huja katika umri ambao wazazi nao wanaisubiri akili hiyo.

Kisa cha leo kinaanzia Ufaransa. Mwaka 1911, huko Cap Blanc, Dordogne, kwenye pango lenye farasi waliochongwa mwambani, sururu ya kibarua iligonga fuvu la binadamu. Mifupa hiyo, ya kati ya miaka 13,000 na 15,000 iliyopita, ilinunuliwa mwaka 1926 na makumbusho ya Field ya Chicago. Wataalamu walitazama kinywa, wakaona magego ya mwisho hayajatokeza, wakaamua kuwa marehemu alikuwa msichana. Jina la msichana likamganda.

Mwaka 2006 uchunguzi mpya ukaiumbua hesabu hiyo. Magego yalikuwemo, yamekwama tayani. Yule "msichana" alikuwa mwanamke wa miaka 25 hadi 35.

Wanaolaumu chakula laini cha siku hizi kwa kudumaza taya wana hoja, lakini waanze na mama huyu, ambaye watu wake waliishi kwa kuwinda.

Tatizo lenyewe ni la kawaida mno. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba karibu asilimia 24 ya watu wana walau gego moja la mwisho lililokwama. Chonge za juu hufuatia kwa mbali, kwenye asilimia moja hadi tatu hivi. Gego la chini mara nyingi hulala likiegemea jirani yake. Likichungulia nusu, fizi hulifunika kama kifuniko cha sufuria kilichokaa upande. Punje ya wali huingia chini yake, hukaa, huoza. Fizi huvimba, usaha hutoka, kinywa hugoma kufunguka. Jirani aliyeegemewa hutoboka upande usioonekana kwenye kioo, au mzizi wake huliwa. Mara chache zaidi, kifuko cha maji hukua kimyakimya na kuula mfupa wa taya.

Na maumivu nayo husema uongo. Mgonjwa hushika sikio, au huonyesha jino la tatu kutoka pale penye tatizo.

Hilo al-Zahrawi, tabibu wa Kordoba aliyefariki yapata mwaka 1013, alilijua vizuri. Katika kitabu chake al-Tasrif, kilichojaa michoro ya makoleo na vijembe vya meno, aliwaonya watabibu wahakikishe kwanza ni jino lipi linalouma, maana maumivu humhadaa mgonjwa, jino zima likang'olewa na bovu likabaki. Akawashutumu vinyozi waliong'oa kwa pupa na kuacha vipande vya mizizi. Yeye alifundisha kutenganisha fizi taratibu na kulitikisa jino kidogo kidogo, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimebanwa magotini. Miaka elfu imepita, na pupa ile ingali hai: mgonjwa anaingia akiamuru "ng'oa tu", na asiye na subira anamtii.

Kumbe kung'oa nako kuna gharama. Chini ya magego ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu; ukijeruhiwa, mdomo na kidevu hufa ganzi, pengine daima. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza umepinga kuyang'oa magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa. Yanayovimba kila mara, au yanayooza na kumwozesha jirani, hayo yaondolewe.

Basi msomaji mwenye kijana wa miaka 18 anayelalamika sikio bila sikio kuonekana na kasoro, ampeleke kwa daktari wa meno, na kabla koleo halijashikwa aombe picha ya eksirei inayoonyesha taya zote mbili.