Kipa wa kriketi atoke Junju? Mbona isiwe!

Jioni ikifika Junju, mchezo ni mmoja tu: boli. Vijana wakitoka shuleni, shambani ama kwenye boda, wanagawana timu, na golini anasimama yule ambaye hakuna anayebishana naye. Mpira ukija chini anaudaka. Ukigonga kisiki ukabadilisha njia, anaudaka pia. Lakini mtazame kwa jicho la kriketi. Huyu angekuwa mlinda wiketi.

Najua, wengi wetu tukisikia kriketi tunawaza klabu za mjini, nguo nyeupe na chai ya saa kumi. Haya, tuseme leo wewe ndiwe mchaguzi wa timu ya taifa. Kuna nafasi tatu zitakazokunyima usingizi: wapigaji wawili wa kufungua mechi, na kipa.

Wafunguzi wanakutana na mpira ukiwa mpya. Ngozi yake inang'aa, ni mgumu, unapinda hewani, na warushaji bado wana nguvu. Kwa hivyo hutafuti tu mwenye mkono mzito. Unatafuta mtu mwenye subira, anayejua mpira gani wa kuupiga na upi wa kuuacha upite zake.

Kipa naye si mchezo. Yuko nyuma ya vijiti vitatu, anachutama kila mpira unaporushwa. Mechi ya ova 50 ina mipira 300 kwa kila upande. Zile za Test, za siku tano, ambazo Kenya haijawahi kucheza, zina kama ova 90 kwa siku, yaani mipira 540. Ukisinzia kwa mmoja tu, umemwachia mpigaji hatari akae hadi jioni. Halafu kuna lile swali linalogawanya mafans: umchukue mwenye mikono safi zaidi, au yule anayekuongezea mikimbio?

Kenya ilijibu swali hilo kwa kumpa mtu mmoja kazi zote mbili. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, kwenye Kombe la Dunia, Tariq Iqbal alifungua mechi pamoja na Dipak Chudasama dhidi ya West Indies. Iqbal alipata mikimbio 16 tu, na Kenya nzima ikaishia 166. Kisha akavaa glavu. Rajab Ali akarusha, mpira ukamgusa Brian Lara kwenye ukingo wa gongo, na Iqbal, kipa wa miwani, akaudaka. Lara nje kwa mikimbio 8! West Indies waliokuwa mabingwa wa dunia mara mbili wakaangushwa kwa 93.

Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, Chudasama alifungua na Kennedy Otieno dhidi ya Bangladesh. Wawili hao wakaweka 225 kabla wiketi ya kwanza kuanguka, Otieno akimaliza na 144 na Chudasama 122. Otieno huyo naye alikuwa kipa.

Sasa angalia majina vizuri. Kennedy Otieno ni kaka mkubwa wa David na Collins Obuya, na David pia alikuwa kipa. Maurice na Edward Odumbe ni ndugu, Martin na Tony Suji vilevile. Hapa Pwani, Mombasa ilitupa Asif Karim, nahodha wa Kombe la Dunia la 1999, ambaye mwaka 2003 aliwanyoa Waaustralia wiketi tatu kwa mikimbio 7 pekee. Mwanawe, Irfan, akaja kuichezea Kenya kama nani? Kipa na mfunguzi.

Sisemi kulikuwa na upendeleo. Waliistahili jezi, na walitufikisha nusu fainali ya dunia 2003. Ninachosema ni kwamba kisima kilikuwa kidogo: nyumba chache, klabu chache. Kizazi kile kilipochoka, nyuma hapakuwa na foleni. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Na 2024 majirani zetu Uganda walicheza Kombe la Dunia la T20, sisi tukatazama kwenye simu.

Ndiyo maana namfikiria yule kipa wa Junju. Kutoka barabara kuu pale Vipingo ni matatu moja tu hadi Mombasa, kwenye uwanja wa Mombasa Sports Club ambao umeshawahi kuandaa mechi za kimataifa. Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba hajawahi kushika mpira wa kriketi, na glavu, pedi na kofia ngumu si vitu mzazi wa kijijini atanunua kwa kubahatisha. Lakini kuanza hakuhitaji vyote hivyo. Shina pana la kuti kavu linatosha kuwa gongo, mpira wa tenisi unatosha, na vijiti vitatu havikosi.

Kinachokosekana ni mtu wa kuja na kutazama. Mchaguzi hawezi kumchagua mchezaji ambaye hajawahi kumwona, hata akeshe na orodha usiku kucha.

Haya, wewe ungempa nani glavu: mwenye mikono safi ama mwenye mikimbio? Na mtaani kwenu, ni nani hadondoshi mpira?