Tumkumbuke Gurumo, Mfanyakazi wa Muziki



Kila ifikapo tarehe 13 Aprili tunamkumbuka Mzee Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyefariki dunia mwaka 2014. Huku kwetu Quiterajo sauti yake si ngeni. Watu wengi wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika, na muziki wa dansi wa Dar es Salaam ukawa wetu pia.

Lakini Gurumo anatuhusu sisi wanachama kwa jambo jingine. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara kama mwajiriwa mwingine yeyote. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, hata leo inaitwa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Gurumo alihamia Mlimani Park, baadaye Orchestra Safari Sound, halafu akarejea Msondo.

Alistaafu mwaka 2013, baada ya kuimba karibu miaka 50, bila mali ya kulingana na kazi hiyo. Mwaka huohuo mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, alimzawadia gari. Tunampongeza kijana yule kwa adabu yake. Hata hivyo tujiulize: mzee aliyechezesha taifa zima, uzee wake utegemee moyo mwema wa mtu mmoja? Zawadi ni hisani, hupatikana au hukosekana. Pensheni ni haki, hudaiwa.

Hapa Msumbiji mfanyakazi hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya INSS, na mwajiri hutoa asilimia 4. Kukatwa si kufika, ndugu. Kila mmoja wetu aijue namba yake, atunze karatasi zake za mshahara, na aende kuuliza kama fedha zimeingia. Akiona pengo, amweleze mjumbe wa chama mapema, asingoje siku ya kustaafu. Wanaojitegemea, wakiwamo wavuvi na wapiga ngoma wetu, nao wanaweza kujiandikisha na kuchangia wenyewe.

Tucheze nyimbo za Gurumo, tumwombee rehema, na tulinde jasho letu tungali na nguvu. Akiba haiozi.