Kupasha maji kwa jua na umeme wa jua

Kupasha maji kwa jua na kuzalisha umeme wa jua ni njia mbili tofauti za kutumia nishati ya jua. Njia ya kwanza hukusanya joto na kulipeleka moja kwa moja kwenye maji ya kuoga au kufulia. Njia ya pili hugeuza mwanga kuwa umeme wa kuwasha taa, redio, friji au pampu. Vifaa vya njia zote mbili hufungwa juu ya paa na vyote huitwa "sola", hivyo huchanganywa kwa urahisi. Namna rahisi ya kuvitambua ni kutazama kinachotoka kwenye kifaa: hita ya maji ina mabomba na tangi, paneli ya umeme ina nyaya tu.

Hita ya maji ya jua

Hita ya kawaida ina sanduku bapa lenye kioo juu, na ndani yake bati jeusi lililoshikana na mabomba, mara nyingi ya shaba. Rangi nyeusi hufyonza mionzi, na kioo huzuia joto lisitoroke. Aina nyingine hutumia neli za kioo zenye ombwe, ambazo hupoteza joto kidogo zaidi.

Tangi likiwekwa juu ya kikusanyio, pampu haihitajiki. Maji yaliyopata moto huwa mepesi na kupanda kwenye tangi, na maji ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo huendelea mchana kutwa.

Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita ya jua iliyouzwa kibiashara. Baadaye William Bailey, huko California, alitenganisha kikusanyio na tangi, akalifunika tangi kwa kitu cha kuhifadhi joto ili maji yabaki na moto usiku.

Umeme wa jua

Paneli ya umeme imeundwa kwa seli, nyingi zikiwa za silikoni. Mwanga ukiingia katika seli huziachia elektroni, nazo zikisogea hufanya mkondo mnyoofu wa umeme. Inveta hugeuza mkondo huo kuwa mkondo geu unaotumiwa na vyombo vingi vya nyumbani. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kutoa umeme. Seli ya silikoni yenye manufaa ilitengenezwa mwaka 1954 katika maabara za Bell nchini Marekani. Iligeuza takriban asilimia 6 tu ya nishati ya jua kuwa umeme.

Hita inahitaji joto, lakini paneli ya umeme inahitaji mwanga, na ikipata joto kali uwezo wake hupungua. Ndiyo sababu huachwa nafasi ya hewa kupita kati ya paneli na paa.

Ulinganisho wa ufanisi

Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za selsiasi kunahitaji takriban kilowati-saa 4.7, yaani karibu uniti 5 kwenye mita ya umeme. Mahali panapopata kilowati-saa 5 za jua kwa siku katika kila mita ya mraba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kikusanyio chenye ufanisi wa asilimia 50 kitafanya kazi hiyo kwa mita 2 za mraba hivi. Paneli za umeme zenye ufanisi wa asilimia 20 zitahitaji karibu mita 5 za mraba.

Tofauti ni kubwa zaidi katika kuhifadhi nishati. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba kilowati-saa 1.2, na ile ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara. Birika la umeme la wati 2000 humaliza nusu hiyo kabla ya dakika 20. Kwa hiyo mtu aliyenunua mtambo mdogo wa taa na televisheni, kisha akaunganisha hita ya bafuni, hubaki gizani na betri yake huharibika mapema. Tangi la maji ya moto la lita 100, kwa upande wake, huhifadhi nishati karibu mara nne ya betri hiyo, bila betri yoyote.

Umeme unaotokana na joto la jua

Ipo njia inayounganisha mambo hayo mawili. Katika kituo cha Noor, karibu na Ouarzazate nchini Moroko, vioo hukusanya miale ya jua, joto lake huchemsha maji, na mvuke huzungusha mitambo ya umeme. Njia hii hufaa vituo vikubwa, si nyumba moja moja.

Matumizi

Nchini Israeli, sheria ya mwaka 1980 ilitaka nyumba mpya zifungwe hita za jua. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 kuhusu majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. Mwaka 2019 nchi hiyo pia ilizindua kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50 hivi.

Kwa hoteli, shule ya bweni au hospitali yenye matumizi makubwa ya maji ya moto, kufunga mifumo yote miwili huwa na maana: hita kwa ajili ya maji, paneli kwa ajili ya taa na mashine.