Selimundu: mtafiti wa Muhimbili na safari ndefu ya tiba ya seli shina

Wiki hii tunauzungumzia ugonjwa wa selimundu, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita sikoseli. Hapa mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Dandora na Kayole, ni nadra daktari amalize juma bila kumwona mtoto mwenye ugonjwa huu. Si ajabu. Wakazi wetu wengi wana asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani, ambako malaria imeua watu tangu jadi, na mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Hayo yalielezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa hapa hapa Kenya. Matata huanza mtoto anaporithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia.

Chembe nyekundu za damu yake, badala ya kuwa za mviringo na laini, hujipinda kama mundu, zikaganda pamoja na kuziba mishipa midogo. Ndiyo sababu ya yale maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano, vidole kuvimba na upungufu wa damu usiokwisha.

Je, ugonjwa huu unatibika hata ukaisha? Jibu ni ndiyo, lakini sikiliza mpaka mwisho. Chembe za damu hazizaani zenyewe. Hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na seli maalumu ziitwazo seli shina. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, na ile ya mgonjwa wa selimundu hufa katika majuma mawili au matatu tu. Ukimwongeza mgonjwa damu umemsaidia kwa muda, kwa kuwa kiwanda ni kile kile. Ukibadilisha seli shina, umebadilisha kiwanda chenyewe.

Kazi ya kufikia hapo imechukua miaka mingi, na sehemu yake imefanywa na majirani zetu. Profesa Julie Makani alizaliwa mwaka 1970, akasoma shule ya msingi Arusha, na mwaka 1994 akahitimu udaktari Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 1997 alipata msaada wa masomo wa Jumuiya ya Madola, akaenda Hospitali ya Hammersmith mjini London, kisha Oxford. Wengi wangebaki huko. Yeye alirudi Muhimbili na, kwa ufadhili wa Wellcome Trust alioupata mwaka 2003, akaanza kazi ambayo haikuwa na mvuto wowote: kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu mmoja mmoja, kuwapima, na kuwafuata mwaka baada ya mwaka ili kujua nani anaishi, nani anakufa, na kwa nini. Orodha hiyo ilipita wagonjwa 5,000, ikawa miongoni mwa kubwa zaidi duniani kutoka kituo kimoja. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba wanaokufa zaidi ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya Royal Society Pfizer.

Na hapa ndipo daftari la kliniki linapokutana na seli shina. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haijipindi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima hadi karibu miezi sita, himoglobini hiyo inapopungua. Kuna watu wachache ambao mwili wao huendelea kuitengeneza hata utu uzimani, na hao ugonjwa huwa mwepesi kwao. Mwaka 2011 Makani na wenzake, akiwemo Siana Nkya, walichapisha uchunguzi wa jeni zinazotawala jambo hilo kwa wagonjwa wa Tanzania na Uingereza. Mojawapo huitwa BCL11A. Jeni hiyo hiyo ndiyo inayolengwa na tiba mpya iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata: seli shina za mgonjwa hutolewa, BCL11A hunyamazishwa humo kwa ustadi wa maabara, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho wa zamani, kisha hurudishiwa seli zake.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sina haja ya kukufanyia hesabu.

Njia ya zamani zaidi ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine. Tangu mwaka 1984 imejulikana kwamba inaweza kuondoa selimundu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto. Lakini mtoaji bora ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye chembe zake zinalingana kabisa na za mgonjwa, na uwezekano wa ndugu kulingana hivyo ni mmoja kati ya wanne. Pia kuna hatari: uboho mpya unaweza kuushambulia mwili, na dawa zenyewe zinaweza kumnyima mtoto uzazi baadaye.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mama mmoja wa Kayole aliniuliza majuzi: "Daktari, tuuze shamba la nyumbani?" Alikuwa ameahidiwa upasuaji nchi za nje, ilhali hakuna ndugu hata mmoja wa mtoto aliyepimwa. Nilimwambia wapimwe kwanza, shamba lingoje. Wengine huniletea vipakiti vya unga vinavyouzwa kuwa ni seli shina za matunda. Seli ya tunda haiwezi kutengeneza damu ya binadamu, na chochote unachokunywa husagwa tumboni kama ugali. Pesa hizo mnunulie mtoto dawa.

Maana dawa ipo. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na katika nchi nyingine tatu za Afrika, ukatangazwa miaka sita na zaidi iliyopita, ulionyesha kwamba haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vya watoto hawa. Inafanya kazi kwa kuiamsha ile himoglobini ya tumboni. Hutolewa kwa uangalizi wa daktari, na damu hupimwa mara kwa mara.

Mtoto chini ya miaka mitano apewe penisilini asubuhi na jioni, chanjo zote, dawa ya kuzuia malaria na asidi ya foliki. Alale ndani ya neti hasa mkisafiri kwenda bara au Pwani, anywe maji mengi, na asiachwe kwenye baridi ya Julai bila sweta. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika tu, kabla hujaulizwa, mwambie muuguzi kwamba mtoto ana selimundu.