Takwimu Mahakamani: Namna ya Kutambua Matukio Yanayotegemeana

Mwezi Novemba 1999, mahakama ya Chester nchini Uingereza ilimtia hatiani wakili Sally Clark kwa kosa la kuwaua watoto wake wawili wachanga, waliofariki mwaka 1996 na 1998. Miongoni mwa ushahidi uliotolewa ilikuwamo hesabu moja fupi yenye kasoro.

Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, aliieleza mahakama kuwa katika familia yenye hali kama hiyo, uwezekano wa mtoto mchanga kufariki ghafla bila sababu kujulikana ni 1 kati ya 8,543. Ili kupata uwezekano wa vifo viwili, namba hiyo ilizidishwa kwa namba hiyo hiyo, jibu likawa takribani 1 kati ya milioni 73.

Kuzidisha kwa namna hiyo huruhusiwa tu pale matukio yasipotegemeana. Kipimo chake ni uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa tukio la pili iwapo la kwanza limekwisha kutokea. Ukibaki uleule wa awali, matukio hayategemeani, ukibadilika, yanategemeana.

Kwa mfano, dadu likirushwa mara ya pili, uwezekano wa kupata sita hubaki 1 kati ya 6, hata kama mara ya kwanza ilitoka sita. Hali ni tofauti kwa mfuko wenye gololi 3 nyekundu na 3 nyeupe. Nyekundu moja ikitolewa bila kurudishwa, uwezekano wa kupata nyingine hushuka kutoka 3 kati ya 6 hadi 2 kati ya 5.

Ndugu wa tumbo moja hurithi maumbile ya wazazi walewale na hulala chini ya paa moja. Kwa hiyo swali lililostahili kuulizwa ni hili: kati ya familia zilizokwisha kupoteza mtoto mmoja kwa namna hiyo, ni ngapi hupoteza wa pili?

Mwaka 2001, Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitamka kuwa hesabu hiyo haikuwa na msingi wa kitakwimu. Januari 2003, Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu, hasa kutokana na matokeo ya vipimo vya maabara ambayo upande wa utetezi haukuwa umepewa. Majaji waliikosoa pia takwimu hiyo. Clark alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu.