Je, Wajua? Vita vya Dakika 38

Je, wajua kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar? Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3:02 asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kupiga mizinga kasri ya Sultani Khalid bin Barghash. Kufikia saa 3:40, bendera ya kasri ilikuwa imeshaangushwa. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Mwezi Oktoba, maji yalipojaa, mashua ilisogea hadi ubalozini. Akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja.

Tarehe 27 Agosti ina makubwa mengine:

• 1883: Volkano ya Krakatoa, Indonesia, ililipuka. Mlio ulisikika kisiwani Rodrigues, kilomita 4,800 ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mkuu wa polisi wa huko alidhani ni mizinga ya meli. Mlipuko na mawimbi yake viliua zaidi ya watu 36,000.

• 1963: W.E.B. Du Bois, mwanaharakati wa umoja wa Waafrika, alifariki Accra, Ghana, akiwa na miaka 95. Kesho yake, umati wa zaidi ya watu 200,000 ulinyamaza kumkumbuka mjini Washington. Ni siku ileile Martin Luther King alipohutubia kuhusu ndoto yake.

• 1975: Haile Selassie wa Ethiopia alifariki kizuizini. Mifupa yake ilifukuliwa ndani ya kasri mwaka 1992. Alizikwa kwa heshima kanisani Addis Ababa mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa.